Mnadani Stafford, kutu huuzwa ghali kuliko rangi

KATIKA mabanda ya kijiji kimoja cha Bodmin Moor, eneo la Cornwall kusini-magharibi mwa Uingereza, zilikutwa pikipiki nane ambazo wapenzi wa mashine za kale walishazihesabu kuwa zimepotea. Zilikuwa zimekaa humo zaidi ya miaka 50, zimefunikwa na vumbi, vyuma chakavu na makorokoro ya kila aina. Baadhi hata kuziita pikipiki ilikuwa ni kuzistahi tu: fremu imeegemea ukuta, injini imezikwa chini ya lundo la spea, tangi limeliwa na kutu. Aprili 2016 zikapakiwa na kupelekwa mnadani Stafford, katikati ya nchi, karibu vilevile zilivyokutwa.

Zote nane zilikuwa Brough Superior. Moja, ya mwaka 1938, ilikuwa ya aina iliyotengenezwa kumi tu: injini ya silinda nne iliyotokana na ya gari dogo la Austin, na magurudumu mawili ya nyuma yaliyobanana kiasi kwamba ukiwa mbali ungeapa ni moja. Ilikuwa imekongoroka, haiwaki wala haisukumiki. Dau likaanza kupanda, likapita makadirio ya katalogi, likaendelea. Pamoja na ada ya mnada, mnunuzi alilipa pauni 331,900, bei ambayo hadi siku ile haikuwa imelipwa mnadani kwa pikipiki yoyote ya Kiingereza.

Kwetu, mtu akitaka kuuza pikipiki kwanza huipiga rangi. Atanunua kava jipya la siti, atazipaka tairi dawa ya kung'arisha, na kama ni mjanja zaidi ataigusa mita irudi nyuma kidogo. Stafford ukifanya hivyo umejipunguzia hela mwenyewe. Rangi ya kiwandani iliyobabuka, siti ya ngozi iliyopasuka, hata mkwaruzo alioupata mtu wa kwanza kuimiliki, vyote ni ushahidi, na kinachonunuliwa pale ni ushahidi. Mashine yenyewe inakuja kama nyongeza.

Jina la Brough Superior pengine ni geni masikioni mwa wengi, lakini mji wake si mgeni. Ni Nottingham, kulikotoka pia baiskeli za Raleigh ambazo babu zetu walizifunga mikungu ya ndizi na magunia ya mahindi. George Brough alizitengeneza humo kati ya mwaka 1919 na 1940, na kwa muda wote huo hazikufika mbali zaidi ya 3,000. Injini alinunua kwa wengine. Kilichokuwa chake ni ukaidi wa kutotoa kitu kibovu: aliyenunua SS100 alikabidhiwa na cheti kwamba pikipiki ile ile, si mfano wake, imepimwa na kufikia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Leo cheti hicho kikiwepo bado, kina thamani inayoweza kukushangaza kuliko ya injini.

Stafford penyewe si mahali pa kifahari. Ni viwanja vya maonyesho ya kilimo. Wiki nyingine ungekuta ng'ombe. Mnada unafanyika sambamba na maonyesho ya pikipiki za kale, na kabla hujaufikia unapita kwenye gulio la nje ambalo mtu wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa barabara ya Kirinyaga, Nairobi, hawezi kujihisi mgeni. Kabureta za Amal zimemwagwa kwenye ndoo, magneto za Lucas zimepangwa juu ya turubai lililolowa, matangi, madigadi, spoki kwa fungu. Wazee wenye mikono myeusi ya grisi wanabishana kuhusu nati. Bei inaanza juu, mnunuzi anaguna, anaondoka hatua tatu, anaitwa.

Niliingia na mwenyeji wangu, fundi mzaliwa wa Tanga aliyelowea Coventry. Mji huo una maana yake katika habari hizi, kwa sababu Triumph zilitengenezwa humo hadi kiwanda kilipopigwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1940 na kuhamishiwa Meriden, jirani hapo. Fundi hana hela za Brough wala hajifanyi anazo. Alikuwa na jicho lake kwenye BSA Bantam moja iliyokuwa inauzwa ikiwa ndani ya maboksi manne na fremu.

"Ndugu mwandishi," aliniambia tukiwa bado kwenye foleni ya kuchukua vibao vya namba, "hapa mkono wako usiuinue hata kujikuna."

Saa za kabla ya mnada ndizo za watu wanaojua. Pikipiki zimepangwa safu kwa safu, kila moja na namba yake ya katalogi imening'inia kwenye usukani, na nyingi zina trei au kipande cha boksi chini, maana mashine za Kiingereza za miaka hiyo zina tabia moja zote: zinavuja oili. Asiyejua anaangalia tangi linavyong'aa. Anayejua anapiga magoti. Fundi alipiga goti kila tulipofika kwenye mashine aliyoipenda, akaingiza mkono chini ya silinda na kupitisha kidole gumba kwenye mahali ilipogongwa namba ya injini. Kiwandani, alinieleza, namba iligongwa kwa patasi za herufi mara moja, na chuma kinachozunguka kinabaki na ukwaruzo wake wa asili. Aliyefuta namba ya zamani kwa msasa akagonga mpya huacha pale pamekuwa laini kupita kiasi, kama shavu lililonyolewa. Triumph wenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1960, walianza kuweka nembo ndogondogo zilizotuna nyuma ya namba ili mfutaji ajulikane.

Namba ya injini na ya fremu zikiwa ni zile zilizotoka pamoja kiwandani, bei inapanda. Zisipolingana, inashuka, hata kama kwa mwendo hakuna tofauti yoyote. Halafu zinakuja karatasi: kitabu cha usajili cha zamani chenye mihuri ya wamiliki, risiti ya duka, picha ya mtu mwenye kofia amekaa juu ya hiyo pikipiki mwaka 1934. Nililiona bunda moja la karatasi kama hizo limefungwa kwa kamba ndani ya mfuko wa plastiki, likilindwa na kijana wa mnada kwa makini kuliko pikipiki yenyewe iliyokuwa inashikwashikwa na kila mpita njia.

Ushahidi ukitetereka, hakuna anayelala usingizi. Mwaka 2014 huko California, pikipiki iliyodaiwa kuwa ndiyo iliyoendeshwa katika filamu ya Easy Rider ilifikia dau la dola milioni 1.35. Ubishi ukalipuka: kulikuwa na pikipiki nyingine iliyodaiwa kuwa ndiyo, na mtu yule yule alikuwa ameshatia saini kuthibitisha zote mbili. Binafsi pikipiki za waigizaji hazinisisimui. Mtu analipia makalio ya nyota wa filamu, na makalio hayaachi namba.

Harley-Davidson za mwanzo ni jambo jingine. Zinaitwa Strap Tank kwa sababu matangi yake yamening'inizwa kwenye fremu kwa mikanda ya chuma. Ile ya mwaka 1907 iliyouzwa Las Vegas mwaka 2015 haikuwa imekarabatiwa, na ilileta dola 715,000. Ya mwaka 1908, iliyokutwa ghalani Wisconsin mwaka 1941, iliuzwa Las Vegas Januari 2023 kwa dola 935,000. Hii ilikuwa imekarabatiwa, lakini ilibaki na tangi lake, magurudumu yake, hata kava la siti yake, vitu ambavyo katika pikipiki za umri huo havionekani kabisa. Nyundo ilianguka kwenye dola 850,000. Asilimia kumi iliyobaki ni ada ya nyumba ya mnada. Mgeni wa minada aikumbuke hesabu hiyo kabla hajainua kibao, kwa sababu bei anayoitaja dalali siyo bei utakayoilipa. Uingereza ada huwa kubwa zaidi ya hiyo, na inatozwa VAT.

Las Vegas na Stafford ni ndugu wasiofanana. Kule pikipiki zinapandishwa jukwaani moja baada ya nyingine chini ya taa kali, kuna mamia kwa mamia, mnada unakwenda siku kadhaa, na wapo watu maalumu wa kuzunguka katikati ya viti wakipiga kelele kila wakimwona mtu amekubali dau. Stafford dalali anasimama kwenye mimbari yake na koti na tai, anaongea kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani, na picha ya pikipiki inaonyeshwa kwenye skrini. Pembeni kuna meza ndefu ya wafanyakazi wenye simu masikioni, wakinong'ona na watu walioko nchi nyingine. Mbele yake dalali ana kompyuta ya madau ya intaneti na daftari la walioacha kiwango chao cha mwisho kwa maandishi wakaenda zao.

Usifikiri utulivu huo ni ubaridi. Mnada wa kimya una mateso yake. Ilipoletwa Vincent Black Shadow, minong'ono ilikatika. Vincent zilitengenezwa Stevenage, kaskazini mwa London, na Black Shadow unaitambua kwa weusi wa injini yake na kwa mita ya mwendo kubwa kama sahani ya kikombe, inchi tano, iliyoandikwa hadi maili 150 kwa saa. Wakati ule pikipiki nyingi zilikuwa zikihema kufikia nusu ya hapo. Namba 150 haikuwekwa kwa majigambo matupu: Septemba 1948, kwenye jangwa la chumvi la Bonneville, Utah, Mmarekani Rollie Free alivua nguo zote akabaki na bukta ya kuogelea, akajilaza kifudifudi juu ya Vincent miguu imenyooka nyuma, akapita kwa maili 150.313, sawa na kilomita 241 na ushee. Picha yake haijaacha kuchekesha watu hadi leo, lakini rekodi ilikuwa rekodi. Kutokana na mashine ile zikatengenezwa Black Lightning za mashindano, takriban 30 tu. Iliyoendeshwa na Jack Ehret kuweka rekodi ya mwendo ya Australia mwaka 1953 iliuzwa Las Vegas Januari 2018 kwa dola 929,000.

Ile ya Stafford haikuwa na ukoo huo, ilikuwa Black Shadow ya kawaida, kama ipo ya kawaida. Dau lilianzia chini ya makadirio na mwanzoni lilirukaruka huku na kule ukumbini. Fundi alininong'oneza nisidanganyike. Hadi ifikiwe bei ya siri ambayo muuzaji hakubali chini yake, dalali anaruhusiwa kutaja madau kwa niaba ya muuzaji, na anaweza kabisa kuwa anatazama ukuta. Ukitaka kujua kama kuna mtu kweli, tazama macho ya dalali yanarudi wapi. Baada ya muda yalianza kurudi mahali pawili tu: kwa mwanamke wa meza ya simu aliyefunika mdomo kwa kiganja, na kwa mzee wa safu ya tatu mwenye sweta la kijani, ambaye hakuinua kibao hata mara moja. Alikuwa anainamisha kichwa kidogo sana, mtu angedhani anasinzia.

Dau likapanda elfu mbili mbili. Yule wa simu alikuwa akichelewa zaidi kila mara, na katika ucheleweshaji ule ukumbi mzima ulishika pumzi kwa ajili ya hela zisizo zetu. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo katalogi haisemi. Bei haipangwi na anayeshinda. Hupangwa na anayeshindwa, yule wa pili, anayesukuma hadi pumzi yake ya mwisho kisha akaachia. Mshindi anaongeza hatua moja tu juu yake. Wasipokuwapo wawili, hata Brough ya vumbi la miaka 50 ingekuwa chuma chakavu chenye mwenyewe. Mwanamke wa simu akatikisa kichwa: hapana. Dalali akaonya, akagonga, na mzee wa sweta la kijani akaandika kitu kwenye katalogi yake kwa penseli.

Umri wa yule mzee unazungumzwa sana kwenye korido za minada hii. Watu hununua pikipiki waliyoitamani wakiwa na miaka 16 wasiweze kuipata. Waliotamani mashine za miaka ya 1930 wanaondoka duniani, na makusanyo yao ndiyo yanayojaza katalogi. Wanaokuja nyuma yao walitamani Honda. CB750 ya mwaka 1969, yenye silinda nne na breki ya diski mbele, ndiyo iliyowaonyesha Waingereza kwamba mchezo umekwisha. Na Machi 2018 moja ya zile za awali kabisa, zilizotengenezwa kabla uzalishaji haujaanza, iliuzwa mnadani karibu na Birmingham kwa pauni 161,000. Kwa hesabu hiyo nikajiuliza sisi tutagombea nini. Nairobi kuna maonyesho ya Concours d'Elegance ambapo kila mwaka pikipiki za zamani zinashindanishwa kwa usafi na utimamu, kwa hiyo macho yapo. Mimi ningeinua kibao kwa Yamaha ya bwana shamba, ile yenye keria pana na kinga ya matope hadi miguuni. Honda 50 ya mwalimu mkuu nayo ina watu wake. Tatizo ni kwamba tumeziendesha hadi zikaisha, na zilizobaki tumezipiga rangi.

Kuna kitu kimoja kuhusu Brough Superior ambacho kila bodaboda anakivaa kichwani, au anakining'iniza kwenye usukani akimtafuta trafiki kwa macho. Mwandishi na mwanajeshi T. E. Lawrence, yule wa vita vya Uarabuni, alimiliki Brough saba na alikuwa ameagiza ya nane. Mei 13, 1935, karibu na nyumbani kwake Dorset, alikwepa vijana wawili wa baiskeli, akaruka juu ya usukani. Hakuwa na kofia ngumu, kama wengi wa wakati wake. Alikufa siku sita baadaye. Mmoja wa madaktari waliomhangaikia, Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, hakuyaacha yale yaishe hivihivi. Alifuatilia ajali za wapanda pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yaliyoonyesha jinsi kofia ngumu inavyookoa vichwa. Brough ya Lawrence mnadani haitokei. Ikitokea siku moja, sijui dalali ataanzia wapi.

Bantam ya fundi ilifika mchana, wakati ukumbi umeanza kuwa mtupu na watu wamekwenda kutafuta chai. Bantam ni pikipiki ya mtu wa kawaida. BSA, kampuni iliyoanza kwa kutengeneza bunduki Birmingham na ambayo baiskeli zake zenye nembo ya bunduki tatu zilifika hadi vijijini kwetu, ilianza kuiuza mwaka 1948 kwa kutumia michoro ya DKW ya Kijerumani iliyochukuliwa kama fidia ya vita, wakaigeuza tu, ya kulia ikawa kushoto. Posta walizitumia kupelekea telegramu. Fundi alikuwa ameyapekua yale maboksi manne asubuhi, moja baada ya jingine, na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba herufi za mwanzo za namba ya injini ni za Bantam ya miaka ya baadaye kuliko fremu. Hakukuwa na siri. Namba zote mbili zimechapishwa kwenye katalogi, kila mtu anaziona. Kazi ni kuzisoma.

Alikuwa amejiwekea pauni 600. Alifika 600, akaguna, akafika 650, nikamkanyaga mguu. Kijana mmoja mwenye koti la ngozi lililonunuliwa juzi, akiwa upande wa pili wa ukumbi, akapiga 700 bila hata kupumua. Fundi akashusha kibao akakikalia. Nyundo.

Tukiwa nje kwenye gulio, fundi ameshanunua tangi la Bantam kwa bei ya kujifariji, yule kijana alitufuata. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda, na chini yake, haikujificha, hofu ya mtu aliyeachiwa. Alimpa fundi mkono, akamsifu kwa ushindani, akazungukazunguka, mwisho akauliza alichokijia: kwa nini aliacha? Aliona kitu gani?

"Hela ziliisha," fundi akamjibu kwa Kiingereza chake cha Coventry, kisha akampa pole ya kubeba maboksi manne.

Kuhusu ile namba hakumgusia. Tulipofika kwenye gari nikamuuliza sababu. "Kaka, katalogi amenunua," alisema huku akilifunga tangi kwa kamba. "Na akigundua, atauza injini ile ili atafute inayolingana. Namba yangu ya simu nimempa."